Mnyonge Mnyongeni: Asili ya Rili ya Mnyongwa wa Quebec

Wahenga walinena kwamba mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Aghalabu methali hii hutolewa pale mtu anapolazimika kumsifu asiyempenda, na kwa kuwa imezoeleka mno, wengi huipita mbio bila kuitazama picha iliyomo ndani yake. Mtu yumo kitanzini tayari. Waliomzunguka wanakumbushwa kwamba hata hapo, kamba ikiwa shingoni, wangali na deni kwake. Mbali sana na nchi za Waswahili, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, wapo watu walioisimulia picha iyo hiyo kwa nyuzi nne za fidla. Mahadhi yao huitwa kwa Kifaransa Reel du pendu, yaani Rili ya Mnyongwa. Rili ni namna ya ngoma ya mwendo wa kasi, na hii ya mnyongwa ni miongoni mwa zile zinazoheshimiwa sana na wapiga fidla wa Kanada ya Wafaransa.

Kisa kinachoandamana nayo ni kifupi. Mtu mmoja alihukumiwa kunyongwa. Jina lake halitajwi, wala kosa lake, wala mji alimohukumiwa. Siku ya kufa ilipowadia aliletewa fidla akaambiwa kwamba akiweza kuipiga atasamehewa. Ilikuwa ahadi ya mzaha, kwa sababu mtu huyo hakuwa ameishika fidla maishani mwake, na nyuzi za fidla yenyewe hazikulinganishwa kwa kaida yoyote inayojulikana. Akaipokea. Akauvuta uzi mmoja kwa ncha ya kidole, kama mtoto anayejaribu kitu kigeni. Akauvuta wa pili, akausikia ukiitikia wa kwanza. Akachukua upinde, akaupitisha kwa hofu, kisha kwa hofu iliyopungua, na kila aliporudia alikuwa amejifunza jambo moja zaidi. Alipomaliza, rili ilikuwa imezaliwa. Kwa masimulizi mengi alifunguliwa akaenda zake.

Msomaji aliyepitia darasa la fasihi simulizi atataka kukiweka kisa hiki katika kapu lake. Je, ni kisakale, kwa kuwa husimuliwa kama jambo lililotukia? Au ni kisaviini, yaani kisa cha usuli, kinachoeleza kwa nini kitu fulani kiko jinsi kilivyo? Jina la mahadhi linaelekeza kwenye kisakale. Nyuzi, hata hivyo, zinaelekeza kwenye kisaviini, na katika shauri hili nyuzi ndizo shahidi wa kuaminika zaidi.

Fidla ya kawaida, hii isikikayo katika taarabu na katika okestra za Ulaya, ina nyuzi nne ambazo, kwa majina ya sauti wanayoyatumia Wafaransa, hulinganishwa kuanzia uzi mnene hadi ule mwembamba kuwa sol, re, la na mi. Masafa kutoka uzi mmoja hadi mwingine ni sawa. Huu ndio mpango unaofundishwa shuleni, na mpiga fidla anaweza kuishi umri wake wote bila kuuvuruga. Kwa kaida Rili ya Mnyongwa haipigwi hivyo. Kabla ya kuianza, mpigaji huukaza uzi mnene kutoka sol hadi la. Huukaza wa pili kutoka re hadi mi. Wa tatu huuacha ulivyo. Wa nne, ule mwembamba unaozoea kupaa juu ya wenzake, huulegeza kutoka mi hadi do iliyopandishwa nusu sauti. Sasa nyuzi zote nne zimekuwa jamaa moja. Zikiguswa pamoja, bila kidole kubonyeza popote, hutoa mwafaka uliokamilika, kama kwaya ndogo inapoimba amina.

Mpango huo ndio ufunguo wa kisa. Waliomletea mfungwa fidla mbovu walidhani wamemfungia mlango wa mwisho, kumbe wao ndio waliomfungulia. Mtu asiyejua lolote akipewa fidla iliyolinganishwa kwa kaida, akavuta nyuzi ovyo, atatoa kelele. Akipewa hii, hata kidole kisicho na elimu kitaangukia sauti tamu. Yaani miongoni mwa fidla zote ambazo angeweza kuletewa, ile iliyoharibiwa ndiyo pekee iliyoweza kumwokoa. Hakimu wa kisa hiki hakujua muziki. Aliyekitunga alikuwa mjuzi wa kweli.

Muundo wa rili unafuata njia iyo hiyo. Katika namna nyingi za kuipiga, mpigaji huanza kwa kuvuta nyuzi tupu kwa vidole vya mkono wa kushoto, huku upinde ukiendelea na kazi yake; kisha huja sehemu baada ya sehemu, kila moja ikiongeza jambo ambalo iliyotangulia haikuthubutu. Idadi ya sehemu hizo hutofautiana toka kwa fundi hadi fundi, na mpangilio wake pia. Hakuna nakala moja iwezayo kuitwa ya asili na nyingine zikaitwa potofu. Kuna kisa, kuna mpango wa nyuzi, na kuna safari ya kutoka kutojua hadi kujua. Ndani ya mipaka hiyo kila fanani hutunga upya. Mwanagenzi asiyesoma nota, akikishika kisa, ameishika ramani: aanze na vidole, aongeze upinde, azidishe kasi. Kile ambacho mtazamaji anakiona kuwa hekaya ya kunogesha jioni, kwa mpigaji ni maelekezo ya kazi.

Lipo pia jambo la kuchekesha, na pengine waliokizua kisa walilikusudia. Mahadhi yanayodaiwa kuwa yalipigwa na mtu asiyejua kupiga ni miongoni mwa magumu kabisa kuyapiga. Kuuiga ujinga huo kwahitaji miaka ya mazoezi.

Hapa jina lenyewe linastahili kusimamiwa kidogo, maana wafasiri wamelitesa. Neno pendu la Kifaransa humtaja mtu ambaye kunyongwa kwake kumekwisha tendeka. Waingereza walipoichukua rili hii waliiita kwa jina la mnyongaji, yule ashikaye kamba, na hivyo wakamwondoa mfungwa katika anwani ya kisa chake mwenyewe. Kiswahili kinaweza kuwatenganisha wawili hao kwa silabi chache tu, mnyongaji na mnyongwa, na kwa vile mnyonge naye yuko karibu, sikio la Mswahili hulipata jina hili likiwa na uzito ambao pengine Mfaransa mwenyewe haupati. Lakini hata Kifaransa kina fumbo lake. Ikiwa alisamehewa, mbona aitwe mnyongwa? Jina linamzika, kisa kinamfufua. Upatanisho rahisi ni kusema kwamba watu huitwa kwa hukumu yao, hata hukumu hiyo ikifutwa, na yeyote aliyewahi kumwona mtu akirudi kijijini kutoka jela anajua kwamba ndivyo ilivyo.

Tukiacha kisa, rili yenyewe ilitoka wapi? Si ngoma ya Kifaransa kwa asili. Wafaransa walioanzisha mji wa Quebec mwaka wa 1608 chini ya Samuel de Champlain walikuja na dansi za kwao, na fidla haikukawia kuwafuata: kumbukumbu za wamisionari wa Kijesuiti zinataja fidla mbili zilizopigwa katika arusi mwaka wa 1645. Rili ni mali ya Waskoti. Iliingia kwa wingi baada ya Uingereza kuitwaa koloni hiyo, kufuatia vita vya mwaka wa 1759 nje ya kuta za mji wa Quebec na mkataba wa Paris wa mwaka wa 1763. Wanajeshi wa Kiskoti waliopigana upande wa mshindi walipewa nafasi ya kubaki, na baadhi yao walioa wanawake wa Kifaransa. Wafanyabiashara wa Kiskoti waliitawala biashara ya manyoya kutoka Montreal. Kisha wakaja Waayalandi, hasa katika mwaka wa 1847, mwaka wa njaa kuu, ambapo zaidi ya watu 5,000 walizikwa katika kisiwa kidogo cha Grosse Île mtoni Saint-Laurent walikokuwa wamezuiliwa karantini. Yatima wengi wa Kiayalandi walilelewa na familia za Kikatoliki zilizozungumza Kifaransa.

Hivyo basi ngoma ya mtawala ikaingia katika jiko la mtawaliwa. Jiko ndilo hasa lililokuwa ukumbi. Katika majira ya baridi, theluji ikiwa imeziba njia na kazi ya shamba imesimama, majirani walikusanyika usiku katika nyumba mojawapo, meza ikasogezwa, na mpiga fidla akapewa kiti pembeni. Mara nyingi alikuwa peke yake. Hakuwa na ngoma wala zumari ya kumsaidia, kwa hiyo miguu yake ikawa ngoma. Huketi akapiga sakafu kwa visigino na vidole vya miguu yote miwili kwa mdundo usiokatika, huku mikono ikiendelea na mahadhi. Mdundo huo wa kukaa ndio alama ambayo humtambulisha haraka mpiga fidla wa Quebec. Rili ile ile ambayo huko Uskoti ilichezwa bila miguu ya mpigaji kuhusika, hapa ilipata mwili mwingine. Si haba kwa watu walioshindwa vitani.

Kanisa halikufurahia. Tangu mwaka wa 1685 askofu alimwandikia gavana wa koloni kumtahadharisha kuhusu dansi katika nyumba yake, na katika karne zilizofuata mapadri waliendelea kuionya mikusanyiko ya usiku. Onyo hilo liliingia katika simulizi. Riwaya inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya Kanada ya Wafaransa, L'Influence d'un livre ya Philippe Aubert de Gaspé mwana, iliyotoka mwaka wa 1837, ina sura inayosimulia jinsi msichana Rose Latulipe alivyocheza na mgeni mtanashati usiku wa kuamkia Kwaresima, na mgeni huyo akawa ni Ibilisi. Msomaji na aviweke visa hivi viwili ubavu kwa ubavu. Katika kimoja dansi inakaribia kuipoteza nafsi ya mtu. Katika kingine mahadhi ya dansi yanauokoa uhai wake. Vyote vilisimuliwa na jamii moja, pengine katika jiko moja, na wasimulizi hawakuona haja ya kuvipatanisha.

Nchi hiyo ilikuwa na wanyongwa wa kweli, na kuwasahau kungekuwa dhuluma. Mnamo Aprili 1763 mahakama ya kijeshi ya Waingereza ilimhukumu Marie-Josephte Corriveau kunyongwa kwa kumuua mume wake wa pili. Kabla yake baba yake alikuwa amehukumiwa kifo kwa kosa lilo hilo, kisha akasema kwamba mwuaji ni binti yake. Kesi iliendeshwa na maafisa wa jeshi lililoshinda, katika lugha ambayo si ya mshtakiwa. Alipokwisha kufa, mwili wake ulitiwa katika kizimba cha chuma, ukatundikwa kwenye njia panda ya Pointe-Lévy, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Quebec, wapitao wautazame. Kizimba hicho kilifukuliwa makaburini katikati ya karne ya 19, kikapelekwa Marekani kikawa kitu cha maonyesho, na hakikurudi Quebec hadi mwaka wa 2013. Baada ya miaka 75 hivi tangu kifo cha Corriveau, kati ya Desemba 1838 na Februari 1839, watu 12 walioshiriki uasi dhidi ya utawala wa Uingereza walinyongwa Montreal.

Wapo wanaopenda kumwona mfungwa wa rili kuwa ni mmoja wa waasi hao, au ni mfano wa taifa zima la Wafaransa wa Kanada lililopewa fidla iliyovurugwa na kuambiwa lipige. Tafsiri hiyo inavutia, na katika miaka ambayo Quebec ilikuwa ikibishana juu ya kujitenga ilikuwa rahisi kuiamini. Ila kisa hakiisaidii. Hakimtaji Mwingereza, hakitaji uasi, wala hakisemi kwamba mfungwa hakuwa na hatia. Uzuri wake umo katika ukimya huo. Haki inayodaiwa humo si ya mtu mwema pekee. Zaidi ya hayo, atakayeona kwamba simulizi za watu ndizo mahakama ya rufani ya wanyonge hana budi kumtazama Corriveau tena. Mahakama ya Waingereza ilimtia hatiani kwa kifo cha mume mmoja. Simulizi za watu wake mwenyewe zikamwongezea waume wengine, hata wakafika saba, zikamfanya mchawi anayewavamia wasafiri usiku akiwa na kizimba chake. Mwanamume asiye na jina alipewa fidla na uhai. Mwanamke mwenye jina akaongezewa makosa sita. Jiko lililompa mnyongwa haki yake lilimnyima Corriveau hata ile iliyokuwa imebaki.

Picha ya mpiga fidla chini ya mti wa kunyongea haikuanzia Quebec. Uskoti wanamkumbuka James Macpherson, aliyenyongwa mjini Banff mwezi wa Novemba mwaka wa 1700. Husimuliwa kwamba alipiga mahadhi yake ya mwisho chini ya kitanzi, akaitoa fidla kwa yeyote aliye tayari kuipokea, na alipokosa mtu akaivunja. Husimuliwa pia kwamba wakuu wa mji waliisogeza mbele saa ya mjini ili anyongwe kabla msamaha uliokuwa njiani haujafika. Robert Burns alimtungia shairi mwaka wa 1788, na vipande vya fidla inayosemwa kuwa ndiyo vimehifadhiwa katika makumbusho ya ukoo wake huko Newtonmore. Milimani Kentucky, Marekani, kuna mahadhi ya Callahan ambayo nayo hufungamanishwa na mpiga fidla aliyenyongwa.

Ni dhahiri kwamba visa hivi ni vya ukoo mmoja, na yamkini njia zilizoileta rili Quebec ndizo zilizokileta kisa. Lakini kilipofika kiligeuzwa nje ndani. Macpherson ni fundi, ana fidla nzuri, na anakufa. Fidla inakufa naye. Mfungwa wa Quebec hajui kitu, ana fidla mbovu, na anaishi. Fidla ndiyo inayobaki ikisema. Kwa Waskoti sanaa ni fahari ya mtu anayeiaga dunia. Kwa Wafaransa wa Kanada ni kazi ya dharura, inayojifunzwa hapo hapo kwa chombo kilichopo. Wanafunzi wa Kiswahili nao wana mfungwa wao, Fumo Liyongo, ambaye katika utendi wa Muhamadi Kijuma wa mwaka wa 1913 aliomba achezewe gungu karibu na gereza, ili vishindo vya matuazi na nyimbo vizime sauti ya tupa ikikata minyororo. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Liyongo ni bingwa wa kuimba, lakini kilichomtoa ni tupa iliyofichwa ndani ya mkate. Muziki ulikuwa pazia. Mnyongwa wa Quebec hakuletewa mkate. Muziki wenyewe ndio uliokuwa tupa.

Katika karne ya 20 rili hii ilipata fundi ambaye jina lake haliachani nayo tena. Jean Carignan alizaliwa Desemba 1916 huko Lévis, pwani ile ile ya mto ambako Corriveau alitundikwa. Alianza kujifunza kwa baba yake akiwa mtoto mdogo, akapiga fidla barabarani ili familia ipate riziki. Baadaye alikutana na Joseph Allard, aliyezaliwa mwaka wa 1873 na kufa mwaka wa 1947, fundi aliyekuwa ameishi kwa muda katika Marekani ya kaskazini-mashariki kama walivyofanya Wafaransa wa Kanada wengi waliofuata kazi za viwandani, na ambaye tangu mwaka wa 1928 alinasa mahadhi mengi katika santuri. Carignan alijifunza kwa Allard ana kwa ana, na kwa Waskoti na Waayalandi kupitia santuri: James Scott Skinner, Michael Coleman. Aliziweka kwenye gramafoni akasikiliza hadi vidole vikajua. Rili ya Mnyongwa alivyoipiga yeye ndivyo wengi wanavyoijua leo, na wapiga fidla wa nchi nyingine wakitaka kuipima mikono yao hupima kwa kipimo chake.

Mtu huyo aliendesha teksi Montreal kwa miaka mingi. Mwaka wa 1960 alipiga katika tamasha la muziki wa kienyeji la Newport, Marekani, mbele ya watu waliomshangilia kama mfalme, kisha akarudi kwenye usukani. Mwaka wa 1974 serikali ya Kanada ilimtunuku nishani ya taifa. Mwaka uliofuata alitengenezewa filamu na Bernard Gosselin. Yehudi Menuhin, mmoja wa wapiga fidla wakubwa wa muziki wa kitaaluma duniani, alikaa naye mbele ya kamera wakapiga pamoja. Yote hayo yalikuja wakati ambapo vijana wa Quebec walikuwa wameanza kuzikumbuka tena nyimbo za babu zao: mwaka wa 1975 mafundi wa vijijini walikusanywa Montreal katika mkesha mkubwa, na mwaka wa 1976 kikaundwa kikundi cha La Bottine Souriante ambacho kimeupeleka mdundo wa miguu kwenye majukwaa ya nchi nyingi. Carignan alikuwa na umri wa miaka karibu 60. Masikio yake, mali yake pekee, yalikuwa yameanza kumwacha. Alifariki Februari 1988.

Kuwalaumu watu wa mji kwa kupanda teksi ya bingwa bila kujua ni rahisi mno. Lawama yenye maana zaidi inahusu mahadhi yasiyo na mtungaji. Sheria ya hakimiliki humlinda anayeweza kuonyesha kwamba kazi ni yake. Rili ya Mnyongwa ni ya wote, na kilicho cha wote hakimlipi yeyote, hata yule aliyekifanya kisikike. Kisa kinalijua jambo hilo kwa namna ya ajabu: mtungaji wa rili ni mtu asiye na jina, mali wala chombo chake mwenyewe, na malipo ya kazi yake ni kuachwa hai. Carignan naye aliachwa hai, kwa kipato cha teksi. Hakuna mkutano wa wasomi wa fasihi simulizi unaopaswa kumalizika bila swali hilo kuulizwa kuhusu mafanani wetu pia, wale wanaorekodiwa kijijini kisha wasisikie tena habari za kanda zao.

Hukumu ya kifo imefutwa Kanada. Wawili wa mwisho walinyongwa Toronto Desemba 1962, na mwaka wa 1976 bunge likaiondoa kwa makosa ya kiraia. Vijana wanaojifunza rili hii sasa wanaishi katika nchi isiyo na mnyongaji, na wengi wao hawajawahi kulala katika nyumba ambayo theluji imeifungia mlango. Kinachobaki bila kubadilika ni nyuzi. Mpigaji akitaka kuipiga mbele ya hadhira hana njia ila kuikaza upya fidla yake hapo hapo, au awe amekuja na fidla ya pili. Nyuzi mbili zipande, mmoja ushuke. Na uzi uliokazwa ghafla hauna utii, hurudi nyuma kidogo kila unapoachwa. Kazi hiyo huchukua dakika moja au mbili, ambazo ni ndefu kwa watu waliokuja kucheza. Ni katika muda huo ambapo kisa hupata nafasi yake. Mpigaji anazungusha kigingi, anaugusa uzi, anaukunjia uso, na mdomo wake unaendelea: kwamba palikuwa na mtu mmoja aliyehukumiwa kunyongwa, kwamba aliletewa fidla, kwamba fidla ilikuwa mbovu. Hadhira inaisikia fidla hiyo mbovu mbele ya macho yake, ikilia ovyo huku na huko. Kisha uzi wa nne unashuka hadi do, mazungumzo yanakatika, na kidole cha mkono wa kushoto kinauvuta uzi wa kwanza.